Mshororo wa Nne

Kuanzia mjini Kagi mpaka kwenye mashamba ya chumvi ya pwani, hakuna mama mtu mzima asiyemjua Botan. Mwanamke huyo akitokea jukwaani kwa mavazi ya kiume, nyusi zimepandishwa, upanga kiunoni, wanawake wenye wajukuu wanasahau wajukuu. Wanapanda kumtunza, wanambandika bahasha nyekundu kifuani mpaka nguo haionekani. Sasa waulize hao hao: na Sioklan je? Watakutazama tu. Sioklan yupi? Yule muuza soseji wa mbele ya hekalu?

Ndiyo dunia hiyo. Maana pasipo Sioklan, Botan huyo huyo angetoka jukwaani akasimama kama mlingoti, asijue aanze kulia au aanze kucheka.

Kundi lao, kundi la Bosi Tiong, huigiza michezo isiyoandikwa popote. Lori likifika mbele ya hekalu hufunguliwa ubavu likawa jukwaa. Alasiri, waigizaji wakiwa mbele ya vioo wanajipaka rangi, Sioklan husimama katikati ya masanduku ya nguo, miwani imeshuka puani, akawahadithia mchezo wa siku hiyo. "Acing, wewe leo mtoto wa hakimu, mlafi tena mwoga. Unaingia kulia, unamshika binti mkono, unapigwa kofi, unatoka. Botan, wewe umesikia kofi tu. Unadhani kapigwa binti." Basi, amemaliza. Maneno kila mtu ajitafutie, na nyimbo vilevile, papo kwa papo, wapiga vinanda wakimfuata anakokwenda. Mtu aliyezoea kukariri haiwezi kazi hii hata wiki.

Sioklan alizaliwa humo humo. Mama yake alikuwa mwigizaji, na uchungu ulimshika akiwa bado na taji la malkia kichwani. Botan aliletwa na baba yake akiwa na miaka tisa, kutoka kijiji cha chumvi, akafungwa mkataba na kundi kama walivyofungwa watoto wengi wa maskini zama zile. Siku ya kwanza alilia mpaka akashikwa na kwikwi. Sioklan, mdogo wake kwa mwaka, akamsogezea nusu ya keki yake ya wali akamwambia, "Kula unyamaze basi, wenzio tunataka kulala." Wakalala juu ya sanduku moja la nguo, na kwa miaka mingi hawakujua kitanda kingine.

Sioklan mwenyewe aliigiza vijakazi. Si kwamba hakuwa na kipaji, alikuwa nacho, lakini alipasuliwa koo bado msichana mbichi, na sauti iliporudi ilirudi kama ya kuku aliyekabwa. Mwingine angekwenda kushona viatu kiwandani. Yeye akabaki nyuma ya pazia, akawa msimulizi wa mchezo, na msimulizi wa mchezo hatajwi na mtu. Tangazo la hekalu huandika jina la mungu, jina la kundi, jina la mwigizaji mkuu, na jina la aliyelipia. Msimulizi hata nafasi ya jina lake haijawahi kufikiriwa.

Mchezo uliowaletea balaa unaitwa Mchuuzi wa Chumvi. Siku moja ya mvua, watazamaji ni vikongwe wawili na mbwa, Botan alisimulia habari za babu yake aliyefungwa kwa chumvi ya magendo isiyokuwa yake. Sioklan akaidaka pale pale. Akampa babu huyo ndugu wa kiapo, akamfanya ndugu huyo ndiye mficha chumvi, akauweka mlango wa gereza katikati ya mchezo, na siri akaiweka mwishoni kabisa, mfungwa anaporudi mzee hana meno. Botan naye akaimba. Ule wimbo wa kuagana mlangoni pa gereza aliutafuta kwa miaka, hekalu hili hivi, hekalu lile vile, mpaka ikawa wanawake wanatoa leso kabla hajafungua kinywa. Haya, niambie wewe: mchezo huo wa nani? Babu ni wa Botan, akili ya Sioklan, mdomo wa Botan. Kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini hakuna aliyeuliza miaka yote hiyo, na wao wenyewe hawakuwa na haja ya kuuliza.

Ndipo ofisi ya utamaduni ya mkoa ilipoutaka mchezo huo ukaigizwe kwenye ukumbi wao, wenye viti vya mahameli na kiyoyozi, na ukipendeza uzungushwe nchi nzima. Sharti lao lilikuwa moja: uandikwe neno kwa neno, kwa sababu ukumbini maneno ya nyimbo hutokea kwenye skrini kando ya jukwaa, watu wasome. Bosi Tiong aliposikia alitema popoo lake dirishani.

"Uandikwe? Nani ataandika mate ya Botan?"

Alikubali hata hivyo. Nani angekataa?

Wakati huo Botan hakuwepo. Binti yake alikuwa amejifungua, na mama mwenye akili zake hamwachi bintiye katika mwezi wa uzazi. Alikuwa mjini Takau, anampikia kuku wa tangawizi na mafuta ya ufuta, anamkataza kunawa kwa maji baridi, anagombana na mkwewe. Sioklan akaandika peke yake. Alisikiliza nyimbo za Botan alizokuwa amezirekodi kwenye simu, akazinakili, palipopwaya akapakaza, palipojikunja akapanyoosha. Sikufichi, hajawahi kuwa na furaha kama ya siku zile. Alikuwa akisahau kula.

Alipomaliza, Bi Ngo wa ofisi ya utamaduni akampigia simu. "Shikamoo, Mwalimu," alianza.

Mwalimu! Sioklan aligeuka kutazama kama kuna mtu mwingine chumbani.

"Mwalimu, nataka kupeleka bango kiwandani. Kwenye mwandishi niweke nani?"

"Sioklan."

"Peke yako, Mwalimu, au kuna mwenzio?"

Hapo ndipo penyewe. Simu sikioni, Sioklan alimwona Botan mawazoni, na mabahasha yake kifuani. Akajiambia, yeye ana jukwaa, ana picha yake kwenye kila bango, ana wanawake wanaomletea supu ya samaki mpaka nyuma ya pazia. Mimi nina nini? Kila mtu na chake.

"Peke yangu," akasema.

Moyo ulimruka kwa furaha. Kisha ukaanza kumuuma, na haukuacha tena.

Botan alirudi na ndoo ya mayai mekundu, mayai ya kumtangaza mjukuu. Akawagawia wote, anacheka, anaonyesha picha, "Tazameni masikio yake, masikio ya tajiri haya!" mpaka akafika ubavuni mwa lori palipobandikwa bango jipya. Akasoma. Akasogea karibu akasoma tena. Yai la mwisho lilikuwa la Sioklan. Akamtilia mkononi akasema, "Hongera, Mwandishi."

Tangu hapo jina la A-Lan, alilomwita Sioklan tangu utotoni, likafa. Ikawa Mwandishi asubuhi, Mwandishi jioni, tena mbele za watu, kwa adabu kabisa, na adabu ile ilimchoma Sioklan kuliko matusi. Kwenye mazoezi Botan alishika karatasi kama mtoto wa shule.

"Mwandishi, hapa nilie au nisilie? Imeandikwaje?"

"Dada, wewe unajua."

"Mimi nijue nini? Najua kusoma tu. Acing, wewe umeona machozi kwenye ukurasa wako?"

Acing, mnene, mwigizaji wa watu wabaya na mtu mwema kuliko wote kundini, alijifanya anatafuta kiatu.

Sioklan hakuweza kuvumilia. Akamfuata Botan kwenye kibanda cha tambi ng'ambo ya barabara, akaketi mbele yake bila kukaribishwa.

"Nitukane basi, dada. Nitukane yaishe."

"Nikutukane kwa lipi, Mwandishi?"

"Fomu yao ilikuwa na nafasi ya jina moja." Uongo huo ulimtoka laini, hata yeye ulimshangaza.

"Moja."

"Moja tu. Na wewe hukuwepo. Ningefanyaje?"

"Simu nilikuwa nayo. Si nilikuwa nakutumia picha za mtoto kila kukicha, na wewe unanijibu mzuri, mzuri?"

Sioklan alishika ukingo wa meza. "Haya, nimekosa kukupigia. Lakini na wewe nifikirie. Ukipita sokoni watu wanakushika mkono. Mimi nikifa kesho, nani atajua kwamba niliwahi kuishi? Nimekusimulia michezo mpaka mvi zimenijaa. Umepewa yote, Botan. Mimi niachie hiki kimoja."

Botan aliviweka vijiti vyake juu ya bakuli. Hakuwa anacheza tena. "Ule wimbo wa mlangoni. Unakumbuka siku ulipokaa sawa? Asubuhi nilimzika mama, alasiri nikaimba, kwa sababu Bosi alikuwa ameshachukua hela za hekalu. Maneno yale yalinitoka siku ile, na wewe ulikuwa nyuma yangu umenishikia kanzu. Leo nayasoma, na juu yake pana jina lako."

Mwenye kibanda aliwaletea chai, akaona nyuso zao, akairudisha.

"Sawa," akasema Botan, akisimama. "Yaliyoandikwa ni yako. Mimi si mwizi, siimbi mali ya mtu. Siku ya ukumbi nitaimba yangu."

Sasa elewa hofu iliyompata Sioklan. Botan akiimba mengine, skrini itaonyesha haya. Wakubwa wa ofisi wamekaa pale na miwani yao. Watasema ama mwigizaji amesahau maneno, na hiyo ni aibu ya Botan ya maisha, ama mwandishi si mwandishi, na hiyo ni aibu yake yeye. Mmoja wao lazima aanguke, na safari ya nchi nzima ianguke naye, na Bosi Tiong, aliyekwisha kukopa kwa ajili ya mapazia mapya, aanguke juu yao wote.

Siku ikafika, onyesho la alasiri. Chumba cha kujipamba cha ukumbi kilikuwa kikubwa, vioo vina taa pande zote, lakini waigizaji walikuwa wamejibanza pembe moja kama abiria wa mashua. Kwenye meza, nyuma ya ubani, amekaa Jemadari, mungu wa waigizaji, sanamu ya kimo cha chupa ya soya, uso mwekundu. Hawaanzi bila yeye.

"Mwandishi," Botan akaita, brashi ya wanja mkononi, "leo hutuhadithii mchezo?"

"Mmeshika karatasi," akasema Sioklan kwa sauti yake ile mbovu.

"Mimi yangu nimeisahau nyumbani."

Bosi Tiong akaja mbio, meno mekundu kwa popoo. "Nyie wanawake mna nini? Mnataka kunizika? Haya, Jemadari aamue! Aamue sasa hivi, na atakayebisha simtaki kwenye lori langu." Akavichukua vile vibao viwili vya mti vya kuulizia miungu, akampa Sioklan. "Muulize. Mchezo ni wa Sioklan peke yake, ndiyo au hapana?"

Sioklan alipiga magoti. Alijua kwamba anaogopa ndiyo kama anavyoogopa hapana. Akavitupa. Kibao kimoja kikilala kifudifudi na kimoja chali, mungu amekubali. Vyote vikilala kifudifudi, amekataa. Vikalala vyote chali.

"Mungu anacheka, hajibu," akasema Acing.

"Tupa tena!" akafoka Bosi Tiong.

Akatupa tena. Vyote chali.

"Uliza vingine! Muulize kama ni wa Botan!"

Botan akaja akavichukua mwenyewe, akavitupa akiwa amesimama, utovu wa adabu mtupu. Vikabiringika mpaka chini ya kiti cha mpiga zumari, wote wakainama kutazama. Chali, vyote viwili. Mpiga zumari akaangua kicheko akajiziba mdomo.

"Hata mungu hataki kuingilia ugomvi wa mashoga," akasema Botan. Akarudi kwenye kioo chake. Hakucheka.

Kazi ya kuendesha skrini alikuwa amepewa Sioklan mwenyewe, kwa sababu ndiye aliyeyajua maneno. Meza yake ilikuwa nyuma kabisa ya ukumbi. Kompyuta, kitufe cha kusogeza mstari, na mahali pa kuandika upya endapo kuna kosa. Bi Ngo alikuwa safu ya tano na wakubwa zake. Safu ya mbele walikuwa wanawake wa Botan, wamekuja na basi zima kutoka pwani, na wameingiza karanga ingawa zimekatazwa.

Mwanzo ulikwenda kama ulivyoandikwa. Mchuuzi wa chumvi akaja na mzigo wake, akacheza na mamaye kipofu, akala kiapo na nduguye. Botan alifuata kila neno, na Sioklan alibonyeza kila mstari, jasho likimtiririka kwenye ubaridi ule wa kiyoyozi. Alianza kuamini kwamba shoga yake amemsamehe, au amechoka. Ukaja mlango wa gereza.

Botan akamshika Acing mabega, yule ndugu wa kiapo. Vinanda vikaanza. Sioklan akabonyeza, mstari ukatokea: *Mvua ya mwezi wa tatu inanyesha juu ya chumvi.* Botan akainua uso, akautazama ukumbi mpaka nyuma, akaimba:

*Tulilala sandukuni,*
*na njaa yetu tumboni.*

Vichwa vikageuka. Skrini, jukwaa, skrini. Safu ya tano mtu mmoja alimwinamia Bi Ngo akamnong'oneza. "Amesahau," mama mmoja wa mbele akasema, kwa sauti ya huzuni, "masikini, amezeeka."

*Leo nipo mlangoni,*

Na hapo Botan akanyamaza.

Beti zao zina mishororo minne, na ubeti usipotimia wapiga vinanda hawawezi kutua. Wakazunguka wakarudi pale pale, wakazunguka tena. Miaka yote waliyoigiza pamoja, Botan akikwama kwenye wa nne, Sioklan ndiye aliyekuwa akimrushia kutoka nyuma ya pazia, kwa mnong'ono, na hakuna mtazamaji aliyewahi kujua. Sasa pazia liko mbali, ukumbi mzima uko katikati yao. Amekwama? Au anamngoja? Sioklan hakujua, na mpaka leo hajui. Alichokijua ni kwamba akikaa kimya, jina lake litabaki salama pale kwenye bango, na watu watasema Botan amezeeka. Kimya tu kilitosha. Hakuhitaji kufanya chochote.

Vinanda vikazunguka mara nyingine. Sioklan akafuta mstari uliokuwa kwenye skrini, ikabaki nyeupe, na kwa kidole kimoja, herufi moja moja, mbele ya macho ya wote, akaandika:

*Ni mimi niliyefunga.*

Safu ya mbele wakausoma kwa sauti, kama wanavyosoma kila kitu. "Ni mimi niliyefunga!" Acing aliusikia. Yule ni mwigizaji wa michezo isiyoandikwa, amelelewa hivyo: ukirushiwa mstari, unaudaka. Na mstari ulikuwa wa mtu aliyefunga mlango, si wa aliyefungiwa. Akaanguka miguuni pa Botan akauimba kwa sauti yake nene, analia machozi ya kweli. "Ni mimi niliyefunga!"

Lo! Sioklan akajishika kichwa. Ndugu wa kiapo amekiri! Amekiri katikati ya mchezo siri aliyotakiwa kuificha mpaka mwisho! Kurasa zote zilizobaki, mfungwa anarudi mzee, siri inafichuka, yote kwisha, karatasi ya kufungia soseji. Alikuwa ameandika ukweli wake akamsahau mchuuzi wa chumvi kabisa.

Akaiacha kompyuta, akakimbia kwenye ujia wa pembeni, akaingia nyuma ya jukwaa akitweta. Bosi Tiong alikuwa amekaa sakafuni.

"Umefanya nini wewe mwanamke? Umefanya nini?"

"Mama kipofu aingie," akasema Sioklan. "Sasa hivi! Amesikia mtu akikiri. Anampapasa Acing uso, anadhani ni mwanawe, anamsamehe asiyetakiwa kumsamehe. Nenda, dada, nenda!" Akamsukuma jukwaani mwigizaji wa mama kipofu, kikombe cha chai bado mkononi.

Botan akatoka kupumua. Wakasimama uso kwa uso, rangi inamchuruzika shingoni.

"Nafanya nini sasa?" akauliza. Hakusema Mwandishi.

"Umejua kwamba ndiye. Na unaingia gerezani vilevile."

"Kwa nini? Si mjinga mimi."

"Kwa sababu mama amekwisha kumshika mkono. Ukimtaja, mnafungwa wote wawili, mama anabaki peke yake usiku huu huu. Unaingia, na hasira yako unaingia nayo. Humsamehi."

Botan akamtazama. "Simsamehi."

"Humsamehi hata kidogo. Unamwachia mama, basi."

"Na maneno?"

"Maneno ni yako."

Akageuka akarudi kwenye mwanga. Kilichofuata siwezi kukisimulia vizuri, na hakikuandikwa, kwa hiyo kimekwenda na waliokuwepo. Skrini ilibaki nyeupe na hakuna aliyeitazama. Wale wanawake wa pwani walilia mpaka karanga zikamwagika. Sioklan alikimbia kutoka upande huu wa pazia mpaka ule, akimwambia huyu ingia, huyu ngoja, huyu kufa baadaye, na kwa muda ule alisahau kwamba ana jina.

Pazia liliposhuka, Bi Ngo akaja nyuma ya jukwaa, macho mekundu, faili kifuani. Alikuwa mwanamke mwenye haki, tena mwepesi wa kusema. "Mwalimu, wakubwa wanautaka. Wanautaka hivi hivi ulivyokuwa leo. Lakini huu si ule ulioniletea. Ule ubeti wa mlangoni nani kauandika?"

Kundi zima lilikuwa linasikiliza. Botan alikuwa anavua kilemba chake.

"Mishororo mitatu ni yake," akasema Sioklan. "Mmoja wangu." Akameza mate. "Na ule niliokuletea, Bi Ngo, nyimbo zote ni zake. Mimi nilizinakili. Kisa ni chetu sote. Jina lake lilitakiwa liwepo."

"Sasa mbona hukuniambia?" Bi Ngo akashangaa kweli, bila ubaya wowote. "Fomu ina nafasi nyingi tu. Si nilikuuliza, peke yako au kuna mwenzio?"

Acing alifunga macho. Sioklan hakuthubutu kumtazama Botan, lakini alimsikia akikiweka kilemba mezani, taratibu.

"Kumbe uliulizwa," akasema Botan.

"Niliulizwa."

"Ukasema peke yako."

"Nikasema peke yangu. Kisha nikakudanganya. Nisamehe, dada." Alikuwa analia, na ile sauti yake ya kukabwa ilitoka vibaya mbele ya watu wote, wala hakujali.

Botan akaja karibu. Kwa ncha ya mkono wake wa hariri akamfuta kamasi, kama angemfuta mtoto. "A-Lan," akasema, "mimi jina la kuandikwa nalitakia nini? Ninalo la kunitosha. Ungenipigia simu ukaniambia, dada, nalitaka, limeniuma maisha yangu yote, ningekwambia chukua. Ningekupa lote. Nyimbo na babu yangu juu."

Sioklan akamshika mkono. "Basi nipe sasa. Kidogo tu."

"Sasa siwezi, umeshajichukulia," akasema Botan, na yeye pia machozi yalikuwa yanaichora rangi yake. "Sasa tutagawana."

Akamgeukia Bi Ngo. "Andika majina mawili, bibi. Herufi zilingane."

Bi Ngo akaandika. Majina mawili, ukubwa mmoja, mstari mmoja, haki tupu, hakuna wa kulalamika. Ndivyo yalivyo mpaka leo kwenye kila bango, na watu wakiyaona wanasema, tazama, hawa ndio marafiki.